Barua zenu za kazini: kwani kila ajali ni uzembe?

SWALI: Assalaam aleikum mwalimu. Mimi nafanya kiwanda cha chumvi huku upande wa Gongoni, kitengo cha kupakia. Juzi shifti ya usiku, kama saa kumi alfajiri hivi, mwenzetu aliingia chini ya mkanda wa mashine unaobeba chumvi kutoa chumvi iliyoganda, akauzima kwanza kwa swichi ya ukutani. Mwengine akaja akataka kuwasha mkanda wa pili, lakini swichi zote mbili ni za kijani, ziko bega kwa bega na maandishi yashaliwa na chumvi, akawasha huu wa mwenzake. Roli ya kuzungushia mkanda ikavuta mkono, vidole viwili vimekwenda. Aliyewasha kasimamishwa kazi na kwenye ubao wameandika ajali imesababishwa na uzembe wa mfanyakazi. Wallahi ni kijana mwangalifu kuliko sote na sasa hata chakula hakimpiti. Je, ni kosa lake? (Msomaji, Gongoni)

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Poleni nyote, aliyeumia na huyu aliyewasha pia, manake naye ameumia.

Mkono uliobonyeza ni wake, hilo halina ubishi, lakini uchunguzi ukiishia hapo basi hakuna kilichochunguzwa. Mimi swali langu kwa meneja ni hili, usiku ule angesimama mtu mwengine pale, tena mzuri tu, ingetokea au isingetokea? Kwa hivyo ulivyonieleza ingetokea, kama si usiku ule basi mwengine. Swichi mbili hazina tofauti hata moja, na saa yenyewe ni ile ya kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri ambayo mwili wa binadamu unakuwa chini kabisa, hata kama mchana ulilala, macho yanaona lakini akili inachelewa. Hapo unamwekea mtu mtihani ambao hata msomi angeanguka.

Na hili si jambo la jana. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia marubani wa Marekani waliokuwa wakirusha ndege za B-17 walikuwa wanatua salama salimini, halafu ndege ishafika chini wanakunja magurudumu badala ya kukunja vibao vya mabawa, ndege inalala tumbo. Wakaitwa wazembe vilevile. Akaja mwanasaikolojia anaitwa Alphonse Chapanis akaenda kuangalia pale rubani anapokaa, akakuta vishikio viwili vinafanana na vimekaa pamoja. Akabandika kigurudumu kidogo cha mpira kwenye kishikio cha magurudumu, na kile cha mabawa akakiwekea umbo la kabari, ili mkono ujue umeshika nini hata gizani. Makosa yale yakakoma. Marubani ni walewale na akili zao ni zilezile, kilichobadilishwa ni kishikio.

Kwenu pia pa kuanzia ni hapo, swichi zitenganishwe, kila moja rangi yake na namba kubwa ambayo chumvi haitaila. Lakini kubwa zaidi, na hapa nasema kwa uchungu, huyo aliyeingia chini alikuwa hana kinga yoyote. Kuzima swichi ya ukutani si kuzima mashine, ni kuiomba isiwake. Mtu akiingia ndani ya mashine umeme unakatwa kwenye swichi kuu, anaweka kufuli lake mwenyewe na lebo yenye jina lake, ufunguo unakaa mfukoni mwake yeye, wakiingia watatu makufuli ni matatu, halafu kabla ya kuingia wanajaribu kuwasha wahakikishe haiwaki. Kufuli kama hilo lingekuwepo, kijana angebonyeza mpaka kuche na hakuna ambaye angeumia. Makufuli yanapatikana dukani hapo Malindi mjini, sioni kiwanda cha kushindwa kununua.

Uzembe upo, sikatai. Mtu akiujua utaratibu, ana nafasi ya kuufuata, akaamua tu kuuruka, huyo aulizwe. Huyu wenu alipitiwa, na kupitiwa hakutibiwi kwa kusimamishwa kazi.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni supavaiza kwenye kiwanda cha barafu huku Lamu. Vijana wangu wanasahau mno, mara valvu imeachwa wazi, mara mtu kaanza kazi hajamaliza na shifti inayofuata haijui. Nshawafanyia semina, nshawakata pesa, wapi. Na ajabu wale wazoefu ndio wanaosahau zaidi. Nifanyeje? (Supavaiza, Lamu)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao wazoefu wala usiwashangae. Mgeni anafanya kazi kwa kufikiri kila hatua, mzoefu mikono inakwenda yenyewe na akili iko kwengine, basi simu ikilia katikati au mtu akimwita, akirudi anaendelea kutoka hatua siyo. Semina inamsaidia asiyejua. Huyu anajua, hata akiamshwa usingizini atakwambia valvu inafungwa vipi, sasa utamfundisha nini tena? Na kule kukata pesa naomba uache leo hii, manake unachonunua pale ni kimya, kesho akiacha valvu wazi atarudi kuifunga kimyakimya na wewe hutojua kamwe kama pana tatizo.

Ila hilo la shifti ndilo lililonitisha kwenye barua yako. Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini upande wa Scotland, mafundi wa mchana waliitoa valvu ya usalama ya pampu moja kwenda kuitengeneza, pale ilipokuwa wakaziba kwa kifuniko cha muda. Kazi haikuisha. Karatasi ya kazi ikaandikwa, lakini haikuwafikia wa usiku, na hakuna aliyewaambia kwa mdomo. Usiku pampu ya pili ikazima ikakataa kuwaka, wakatafuta karatasi za ile ya kwanza, hawakuona chochote kuhusu valvu, wakaiwasha. Gesi ikavuja pale kwenye kifuniko, kama saa nne usiku ukalipuka mlipuko wa kwanza, na mpaka moto unakwisha watu 167 wamekufa. Jamani, mia na sitini na saba! Na waliowasha pampu ile walifanya sawasawa na walichokuwa wanakijua.

Kwa hivyo, kazi isiyoisha iache alama palepale kwenye valvu, lebo kubwa nyekundu isiyoondolewa ila na aliyeiweka, sio kwenye karatasi ofisini. Shifti zikipokezana msikutane getini mkasalimiana tu, anayetoka na anayeingia watembee pamoja mpaka kwenye mashine, amwonyeshe kwa kidole, halafu anayeingia arudie kwa maneno yake alichoambiwa. Dakika hizo zilipwe, mtu hawezi kukabidhi vizuri huku boti ya kwenda kwao inamwacha. Na ukiwa na amonia hapo kiwandani, ile gesi ya sumu ya kugandishia barafu, basi hili usilisubirishe hata wiki.

SWALI: Nafanya kazi karakana moja Malindi. Mashine ya kunolea haina kinga ya mbele, nikisema naambiwa kazi ni ya wanaotaka. Wanaweza kunifukuza? (Dada wa Malindi)

JIBU: Dadangu, Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamkataza mwajiri kukufukuza au kukuonea kwa sababu umelalamikia hatari, tena inakupa jukumu wewe mwenyewe uripoti kwa msimamizi wako. Mkiwa wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama, anzia hapo. Kamati haipo au imelala, nenda kwa afisa wa serikali wa usalama na afya kazini anayesimamia kaunti ya Kilifi. Malalamiko yako yaandike, weka tarehe, piga picha hiyo mashine, na nakala ukae nayo nyumbani.