Mwacheni wifi yenu alee mwanawe

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia. Wifi yake haoni, amejifungua salama, na ukoo umekaa kikao: mtoto aende kwa bibi yake mpaka akue kidogo. Anauliza ninawashauri nini. Simu yangu ilinisomea ujumbe huo mara mbili, maana mara ya kwanza nilikuwa naosha vyombo nikadhani nimesikia vibaya.

Dada, mimi pia sioni, na kikao hicho nakijua. Changu kilikaliwa mwaka 2008, hapahapa Tanga, mimi niko chumba cha pili nanyonyesha. Binti yangu alikuwa na miezi minane. Hakuna aliyenigombeza, walinihurumia tu. Mama mkwe alisema mtoto ataungua na jiko, atameza shilingi, nani atamwona? Asubuhi wakapanda naye basi la Korogwe, kwa mama mkwe. Begi alilibeba mume wangu.

Miaka miwili. Sitaisimulia yote. Siku nilipochoka nilichukua fimbo yangu nyeupe nikapanda basi peke yangu. Nilipofika nikanyoosha mikono kumtafuta, naye akajificha nyuma ya bibi yake akauliza, "Bibi, huyu mgeni anatafuta nini?"

Nilirudi naye siku ileile.

Baadaye sana, kwenye semina, ndipo niliposikia kwamba mwaka 2009, mwanangu akiwa bado Korogwe, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 23 inakataza mtoto kutenganishwa na mzazi kwa sababu ya ulemavu wa mzazi huyo, tena inaitaka serikali imsaidie katika malezi. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nililia. Nchi ilikuwa imeshatia saini, na kwetu hakuna aliyekuwa na habari.

Sasa nyinyi mnaosema mnataka kusaidia, sikilizeni. Jirani yangu alininunulia vijikengele viwili, akaniuliza, "Mama, tuvifunge wapi?" Tukavifunga mguuni kwa mtoto, nikawa najua yuko uani au anaelekea jikoni. Aliniuliza kwanza, mnaona? Zahanati, muuguzi mmoja alikuwa akimwambia aliyenisindikiza, "Mwambie ampe asubuhi na jioni," kana kwamba na masikio sina. Mwenzake akachukua bomba la kunyweshea dawa, akakata alama kwa wembe kwenye kijiti cha kusukumia, pale panapotosha mililita 5, akanipa mkononi nijaribu mwenyewe. Ilimchukua dakika moja. Tangu siku hiyo sijamsubiri mtu kumpa mwanangu dawa usiku.

Mtoto akilia, mpe mama yake. Usizunguke naye uwanja mzima ukimbembeleza halafu useme hamzoei mama. Mpe mama yake! Kama unataka kazi, zipo: chota maji, nenda sokoni, soma kwa sauti daftari la shule la mtoto, mama akiwa amekaa hapohapo, ili mama ndiye amuulize mtoto wake maswali. Na akifika umri wa kutembea vizuri, msimgeuze kuwa fimbo. Fimbo ninayo. Nimewasikia barabarani watoto wanaoongoza wazazi wao saa ambazo wenzao wako darasani, na watu wanawasifu kwa kuwa na adabu. Adabu gani hiyo? Mngemsindikiza nyinyi mzazi, mtoto akaenda shule.

Wa kwangu alikwenda. Mwaka huu amepata daraja la kwanza kidato cha nne. Mama mkwe alipiga simu kunipongeza, akasema, "Nilimlea vizuri, eeh?" Nikamwitikia tu, naam mama. Ni mtu mzima.

Dada yangu, nimeusikiliza tena ujumbe wako. Umeniandikia anachotaka mama yako, kaka yako na shangazi zako wawili. Wifi yako anasemaje? Hata jina lake hukulitaja. Jioni mpelekee simu, nipige niongee naye.