Re: Soko la korosho za pakiti Mtwara nalipimaje?

Ndugu, umeandika kwamba soko lako ni watu milioni 1.6 wa mkoa mzima, kwa mujibu wa sensa ya 2022. Hapo umejidanganya. Nenda Tandahimba au Newala, nyumba ngapi hazina korosho uani? Mtu anayekaanga zake mwenyewe atanunua pakiti yako ya nini?

Anza na wanaonunua kweli. Kaa stendi asubuhi moja, mabasi ya Dar yakiondoka, uhesabu. Tuseme wauzaji wote pamoja wanatoa pakiti 400 kwa siku, kila moja shilingi 1,000. Ukubwa wa soko hapo stendi ni laki nne kwa siku. Wewe ukiuza pakiti 40, sehemu yako ni asilimia 10. Usihesabu Novemba peke yake, maana wakulima wakilipwa hela za mnada wa korosho mji mzima unachangamka. Rudi tena Aprili.

Halafu abiria si wa aina moja. Yupo anayetaka ya kutafuna njiani, huyo bei ndogo inamtosha. Yupo anayepeleka zawadi: anataka nusu kilo, nzima nzima, nyeupe, ukimpa za vipande anakurudishia. Mimi niliwachanganya hawa wawili mwaka wangu wa kwanza, nikabaki na ndoo mbili za vipande. Wanafunzi wa chuo ndio walioniokoa, kwa vipakiti vya mia tano.