Waya kwanza, wati baadaye: maswali yenu ya redio mlimani

Desemba inakaribia na wapenzi wa redio ya ridhaa (wanaowasiliana kwa redio kwa kupenda tu, si kwa biashara) wameanza kupanga kwenda kulala Elgon, Menengai na Cherangani. Nimechagua maswali haya kati ya mengi mliyotuma.

Tuko marafiki wanne, tunapanda Elgon kwa siku tatu. Mmoja ana redio ya wati 100, mwingine ana ya wati 5. Tubebe ipi? (Kitale)

Ya wati 5. Swali hili nimelijibu mara nyingi na nitaendelea kulijibu, kwa maana watu wanavunjika migongo bure. Kutoka wati 5 hadi 100 ni mara ishirini, lakini kila alama moja kwenye mita ya S (kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayopokewa) ya anayekusikiliza inadai nguvu mara nne. Kwa hiyo mzigo wote ule unakununulia alama mbili na kitu. Na redio ya wati 100 hunyonya karibu ampea 20 kila unapobonyeza kuzungumza. Betri ya kuilisha siku tatu mtaibeba kwa zamu mkinuniana.

Uzito mliookoa uwekeni kwenye waya. Gawa 143 kwa masafa ya megahezi upate urefu wa daipoli, yaani antena ya waya yenye mikono miwili, kwa mita: kwa 7.1 ni kama mita 20, yaani mita 10 kila mkono. Kata uzidi kidogo, kisha upunguze mkiwa nyumbani, si kambini vidole vikiwa vimekufa ganzi. Bebeni fito ya plastiki inayokunjuka, ile ya kuvulia samaki. Mianzi ya Elgon msiiguse. Ile ni hifadhi ya taifa tangu 1968, na nimeona aibu kukuta vigutu vibichi mahali walipolala watu wa redio.

Nikisimama kwenye vilima vya Riat na redio ya mkononi nitampata mwenzangu aliye Nakuru mjini? (Kisumu)

Hapana. Kati yenu imelala milima ya Tinderet na Mau.

Antena yetu ya bendi ya mita 40 (masafa ya megahezi 7) kule Elgon haikupanda juu zaidi ya mita tatu. Nairobi walitusikia safi mchana kutwa, Ulaya hatukupata mtu. Redio ina kasoro? (Eldoret)

Haina, na msimpelekee fundi aifungue. Daipoli iliyo chini hutupa mawimbi wima, yakagonga tabaka la ioni angani na kurudi kama mvua juu ya eneo la kilomita mia kadhaa kila upande. Kutoka Elgon hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300 kwa mstari ulionyooka, na milima iliyo katikati haizuii kitu kinachoshuka kutoka juu. Huo ndio waya ninaoutaka mimi kwa kuzungumza humu nchini. Mkitaka Ulaya, jaribuni bendi ya mita 20 mchana, waya uwe juu kadiri mnavyoweza, au ngojeni jua lizame mrudi mita 40. Na sikilizeni nusu saa kabla ya kuita. Wengi wenu mnaita kwenye bendi ambayo imeshafunga, yaani haipitishi mawimbi tena.

Nimenunua redio mbili za mkononi mtandaoni. Kambini tu nahitaji leseni? (Nakuru)

Ndiyo. Mlima hauko nje ya sheria za Kenya. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, nawe utapewa alama yako ya wito, yaani jina lako la hewani. Ukisikia watu wakijitambulisha kwa 5Z4, ndio hao. Tena redio hizo za bei nafuu hufika hadi masafa ya askari wa wanyamapori na ya polisi. Kidole kikiteleza huko, unaweza kumfunika mtu anayeomba msaada. Mtu akiumia, piga 999 au 112 panapokuwa na mtandao, na kabla ya kupanda waachie walinzi wa lango njia yenu na siku ya kurudi.

Mvua ikianza tuchomoe antena? (Kakamega)

Mvua ikianza umeshachelewa, ndugu yangu. Wewe wa Kakamega unajua radi kuliko wengi, maana kwenu na Kisii ndiko zinakopiga sana. Unyevu wa Ziwa Victoria hupanda miteremko jua likiwa kali, na kufikia alasiri wingu limeshakomaa.

Mwaka mmoja tukiwa Elgon, saa nane mchana, jua bado linatuwakia, nilisikia mita 40 ikikwaruza kwaruu, kwaruu. Nikachomoa kebo nikaiweka juu ya jiwe. Haikupita muda nikasikia tik, tik, tik. Nilipoinama niliona cheche nyembamba ya buluu ikiruka kwenye plagi ya kebo, kutoka pini ya katikati hadi pete ya nje. Tone la mvua lilikuwa bado. Tuliacha kila kitu tukateremka bondeni, na redio ile ingali hai hadi leo.

Basi: ukisikia mikwaruzo inaongezeka, acha kuzungumza. Chomoa, tupa ncha ya kebo mbali na hema, shuka kutoka kwenye ukingo. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo; zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita kumi na inaweza kukufikia. Hema si kinga. Gari lenye paa la bati ni kinga. Usishike mlingoti kuuokoa, hata kama ulikopa pesa kuununua.

Tunaweza kulala pango la Kitum pale Elgon, tukakwepa baridi?

Msilale. Ndovu huingia humo usiku kuchokonoa chumvi kwenye kuta, na wagonjwa wa virusi vya Marburg wa 1980 na 1987 walikuwa wamelitembelea. Redio nayo humo ndani haisikii kitu.

Tukishafika kilele cha Koitobos pale Elgon tunataka kuendelea hadi kilele cha Wagagai tukaite kutoka huko.

Wagagai, mita 4,321, iko Uganda. Leseni yenu haivuki mpaka, na ninyi hamvuki bila ruhusa. Koitobos ina mita 4,222 na inatosha. Mwenzenu akiumwa kichwa na kutapika huko juu, mteremsheni mara moja, hata kama kuna mtu wa Japani anayewaita redioni.

Marafiki zangu wana leseni, mimi sina. Nitafanya nini usiku kucha? (dada wa Kericho)

Shika daftari la kuandikia mawasiliano, dada. Ndiyo kazi ninayoithamini kuliko maikrofoni, kwa sababu sikio lisilongoja zamu ya kusema hunasa alama za wito ambazo wengine wamezikosa. Chunga saa tu: daftari huandikwa kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, zilizo nyuma ya zetu kwa tatu. Saa mbili usiku kwetu andika 17:00. Nimeona daftari zima la usiku mmoja likiwa na saa za Kiswahili, na hakuna mawasiliano hata moja yaliyolingana na ya upande wa pili. Tumia penseli. Karatasi huloa umande kufikia alfajiri, na kalamu ya wino hugoma kwenye baridi.