Jibu: Unguja hadi Muscat, mbona kwenda saa sita na kurudi saa nne?

Waalaikumu salaam ndugu yangu. Umeuliza umbali wa Unguja na Muscat, Oman, na kwa nini tiketi ya bi mkubwa inaonyesha safari ya saa sita na robo kwenda lakini saa nne na robo kurudi.

Ndege haikimbii zaidi ikirudi. Saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za pale ndege inapokuwepo, na Oman wako mbele yetu saa moja. Akiruka hapa saa 10:00 jioni, hewani ni kama saa tano na robo, basi saa yake ya mkononi itasoma 3:15 usiku anaposhuka. Ya ukutani pale kiwanjani itasoma 4:15. Kurudi, saa hiyo moja anarejeshewa. Upepo nao hupunguza au kuongeza dakika, si kitu.

Umbali kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 3,900. Wazee wetu kwa jahazi walingoja kusi, upepo wa kutoka kusini, liwapeleke na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, liwarudishe, safari ya wiki kadhaa.

Hayo ni kwa ndege ya moja kwa moja. Ukiona tiketi rahisi ya kupitia Doha au Addis Ababa, angalia muda wa kusubiri kabla hujalipa. Mimi nilimkatia shangazi ya namna hiyo, akakaa kitini muda wa saa tisa na kikapu chake cha mbatata za mbirimbi mapajani. Mpaka leo ananisema.

Na kama anatokea Pemba, alale Unguja usiku mmoja kwanza.