Karakana ya shambani Ahero, futi 10 kwa 12 inatosha?

Buda hiyo 10 kwa 12 haitoshi kazi ya mbao na ya kuchomelea pamoja. Mimi nilianza na saizi hiyo hiyo, mbao za futi 14 zikawa zinalala nje zikinyeshewa. Piga angalau 16 kwa 20, mlango futi 8 ndio mkokoteni uingie na mzigo wake.

Lakini shida yako si saizi, ni huo udongo mweusi wa hapo nyanda za Kano, ukinyeshewa unafura, jua likiwaka unapasuka mpaka mkono unaingia, sasa ukimwaga slabu (sakafu ya zege) juu yake hivi hivi itapasuka tu hata uweke simiti ngapi, chimba uutoe mpaka ufike chini kugumu, jaza murramu, ule udongo mwekundu wa kokoto, ukishindilia kidogo kidogo, ndio uje na mawe na waya ya BRC, ule wavu wa chuma wa kushika zege. Hapo usibanie pesa. Kuta hata mabati ni sawa kwa sasa.

Mashine ya kuchomelea ivutiwe laini yake kutoka kwa mita, na fundi asisahau arthi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, radi za huku unazijua. Alafu ikae mbali na maranda, mimi nilichoma gunia zima.