Barua kwa mwanangu: waliosomea gerezani

Mwanangu Neema,

Marahaba. Umeniuliza kama yupo mtu wa maana aliyewahi kusoma kwa masafa, maana wenzako ofisini wanasema Chuo Kikuu Huria ni cha waliokosa nafasi kwingine. Nimelisoma swali lako mara mbili, na unyonge uliomo ndani yake umeniuma.

Afrika Kusini kuna chuo kiitwacho UNISA, kinachofundisha watu wakiwa makwao tangu 1946. Askofu Desmond Tutu alipata shahada yake ya kwanza huko, mwaka 1954. Lakini ninayemkumbuka kila nikikuona na madaftari yako ni Dikgang Moseneke. Alikamatwa 1963 kwa kupinga ubaguzi wa rangi, ana miaka 15 tu, rika la mdogo wako kabisa, akafungwa miaka 10 katika kisiwa cha Robben. Sekondari aliimalizia humo humo, kisha akajiandikisha UNISA. Mchana wafungwa wanavunja mawe. Jioni mlango unakomewa, ndipo mtu anashika kitabu na mikono bado ina malengelenge. Mwalimu yuko ng'ambo ya bahari, na kila barua inapita kwanza mikononi mwa askari magereza. Kijana yule akaja kuwa Naibu Jaji Mkuu wa nchi ile ile iliyomfunga.

Ahmed Kathrada, aliyefungwa pamoja na Mandela, naye alitoka kifungoni 1989 na shahada nne za chuo hicho. Nne! Na Mandela mwenyewe, ambaye wenzako wote wanamjua: alianza kusomea shahada ya sheria Johannesburg mwaka 1943, hakuimaliza. Aliipata 1989, kwa UNISA, akiwa bado mfungwa. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi, halafu uniambie kama huo mtihani mmoja uliokuangusha ndio wa kukufanya uache.

Sikusemi, mama. Najua unarudi kazini saa mbili usiku, mtoto anataka kula, na kitabu kinakungoja. Ndiyo maana nimekutumia hela ya ada kwenye simu, iliyobaki ununue taa ya kuchaji. Ile meza ya cherehani ya marehemu baba yako nimeifuta vumbi na kuikaza miguu. Itakuja na basi la Ijumaa, uipokee stendi mapema. Iweke chumbani, mbali na televisheni.

Mama yako