Somo la BAM lilivyonifungia mlango wa shahada ya biashara

Nilisoma tahasusi ya HGE, yaani Historia, Jiografia na Uchumi, katika shule moja ya bweni wilayani Rungwe, na kwa miaka miwili niliamini kwamba BAM (Basic Applied Mathematics), somo la ziada la hisabati la kidato cha tano na sita, ni mzigo tu uliopachikwa kwenye ratiba yetu. Kwa kuwa alama za somo hilo haziingii katika hesabu ya daraja, wengi wetu tulitumia vipindi vyake kusomea Historia, na mwalimu mmoja aliyebeba mikondo yote hakuweza kuturudisha darasani kila siku.

Matokeo yalipotoka nilikuwa na C ya Uchumi, C ya Jiografia na D ya Historia. Kwa vipimo vya TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu nchini Tanzania, ambavyo huihesabu A kuwa pointi 5, C kuwa 3 na E kuwa 1, masomo mawili ya kwanza pekee yalinipa pointi 6, wakati kiwango cha chini kwa shahada nyingi ni pointi 4. Baba, ambaye hulima viazi Uyole, alikwishaanza kutafuta mnunuzi wa magunia ili apate ada. Niliomba shahada za biashara na uhasibu katika vyuo vitatu, na vyote vikanikataa. Sababu ilikuwa imeandikwa katika mwongozo wa udahili, kwenye safu ambayo sikuisoma hadi mwisho: mwombaji ambaye hakusoma Hisabati ya Juu alitakiwa awe na angalau S, yaani ufaulu wa chini kabisa, ya BAM, au C ya Hisabati ya kidato cha nne. Mimi BAM nilipata F, na Hisabati ya kidato cha nne nilikuwa na D.

Ndiyo maana namsihi kila mwanafunzi anayejaza Selform, fomu ya kuchagua tahasusi na shule, pamoja na mzazi wake, wafungue kwanza mwongozo wa udahili, watafute shahada anayoitamani, kisha ndipo wachague tahasusi. EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati ya Juu, kwa sababu ina hisabati hiyo ndani yake, hufungua milango mingi zaidi, ikiwamo ya takwimu bima (actuarial science), ambayo BAM haitoshi kuifungua. Hata hivyo sikubaliani na wanaomsukuma kila mtoto huko. Aliyepata D ya Hisabati kwa kubahatisha anaweza kuanguka katika Hisabati ya Juu, na F hiyo, tofauti na ya BAM, itamharibia hata daraja. Kwa mtoto wa namna hiyo anayetaka uhasibu, naona ECA, yaani Uchumi, Biashara na Uhasibu, ndiyo njia salama, mradi aipe BAM saa zake kila wiki kama anavyoipa Uhasibu.

Sharti hilo si ukatili wa vyuo. Nilipoingia stashahada ya uhasibu nilikutana tena na matriksi, takwimu na uwezekano, mada zile zile za BAM nilizozikimbia, safari hii zikitumika kukokotoa gharama na kupima hatari ya mkopo. Nilijifunza usiku, kwa tabu, mambo ambayo ningeyapata mchana nikiwa Rungwe.

Kwa aliyekwisha kupata F, njia bado zipo. Mimi nilipitia stashahada ya miaka miwili, na kwa kuwa GPA yangu, yaani wastani wa alama zangu, ilivuka 3.0 niliweza kuomba shahada. Njia fupi zaidi, ambayo hakuna aliyeniambia wakati ule, ni kurudia Hisabati ya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, hasa kwa mtu mwenye D ambaye kozi yake inataka C. Alama ya C huanzia 45, na D yangu haikuwa mbali nayo. Mtihani hufanyika Novemba, lakini usajili hufungwa miezi mingi kabla, kwa hiyo anayetaka kurudia ajisajili mapema mwaka unapoanza, asisubiri majibu ya vyuo.